Kioo Kilichozima Nyumbani Tu

Mwalimu Revelian alikuwa kwenye swali la kumi na saba, lile la mzunguko wa maji, na ndiyo kwanza ameandika neno "mvuke", kioo cha kompyuta kilipotetemeka mara mbili kikaingia giza. Taa ndogo ya pembeni ilikuwa inawaka. Feni ilikuwa inavuma. Kila kitu kilikuwa kizima isipokuwa hicho kimoja ambacho mtu mwenye macho anakihitaji.

"Mshenzi wewe!" alisema. Akanyanyua mikono, akaizaba kofi ubavuni, na kioo kikarudi, kimetulia, "mvuke" wake upo pale pale. Akarudisha vidole kwenye kibodi. Aliandika "hupanda", giza likarudi.

Hii ilikuwa wiki ya tatu. Ikitaka inawaka nusu saa nzima, ikitaka inazima mara kumi ndani ya sentensi moja. Akikaa tu anasoma, haina neno. Akianza kuandika, vituko vinaanza. Mwalimu alikuwa amefundisha Sayansi katika shule za msingi za Temeke kwa miaka thelathini na minne, na hakuna kilichomkera duniani kama jambo lisilo na sababu. Kitu kikiharibika, basi kiharibike tujue moja. Hiki cha kuharibika na kupona chenyewe alikiona ni dharau.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu, hilo alikubali. Blessing, binti yake, ndiye aliyeitumia chuoni, akaiacha hapo nyumbani Mbagala alipopata kazi Dodoma na kununua nyingine. Herufi E ilikuwa imefutika na betri ilikuwa haikai na chaji. Lakini kioo hakikuwahi kumsumbua mtu hata siku moja, mpaka mwezi huu, mwezi ambao Mwalimu amepata kazi.

Kazi ilikuwa kutunga mtihani wa Sayansi wa ujirani mwema, darasa la saba, shule sita. Mwalimu Lusungu, mwalimu wa taaluma wa mojawapo ya shule hizo, alimfuata mpaka nyumbani akamwambia hawana mtu anayetunga maswali kama yeye. Toka astaafu, watu waliomfuata walikuwa ni wa kadi za harusi tu. Alikubali kabla Lusungu hajamaliza soda. Maswali arobaini na tano, yachapwe vizuri, Ijumaa saa nne asubuhi yawe mkononi. Kuyapeleka dukani yakachapwe huko alikataa katakata, kwa sababu mtihani ukishapita dukani, watoto wanauona kabla ya wasimamizi. Sasa ilikuwa Jumanne na yuko kwenye mvuke.

"Baba Blessing," mkewe Demetria aliita kutoka uani, "unagombana na nani huko?"

"Na kompyuta!"

"Utaipandisha presha hiyo. Bangili umevaa?"

"Nimevaa!"

Bangili nayo ilikuwa kero ya pekee. Demetria na akina mama wenzake wa jumuiya walikuwa wanauza bangili za sumaku, nyeusi, nzito, zinazosemekana kushusha presha, na presha ya Mwalimu ilikuwa imepanda. Mwalimu alikuwa anakunywa vidonge vyake vya hospitali kila asubuhi, na hakuona kwa nini tena afungwe chuma kama ng'ombe wa maonyesho. Alisema hicho ni kipande cha bati, sumaku yenyewe haimo. Demetria akamwambia, haya, jaribu na sindano uone. "Mimi sipimi upuuzi," Mwalimu alijibu, akaivaa mkono wa kushoto ili nyumba ipate amani. Akiwa ndani aliivaa. Akitoka, kabla hajafika kona ya msikiti, inaingia mfukoni. Mwalimu wa Sayansi mzima aonekane barabarani na bangili ya presha? Thubutu.

Basi siku hiyo aliifunga kompyuta kwa hasira, akaitia kwenye mkoba, akaenda Rangi Tatu kwa Nurdin.

Nurdin alikuwa fundi mwenye meza barazani kwa Bi Somoe, mama wa steshenari. Alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu miaka ile, mmoja wa wale wasionyoosha kidole hata kama jibu wanalo, na sasa alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, mpole, asiye na maneno mengi. Wiki iliyotangulia Mwalimu alimwachia kompyuta kutwa nzima. Nurdin akasema waya wa kioo ulikuwa umelegea kidogo, ameukaza. Mwalimu akairudisha nyumbani, akazidisha kuandika kwa kuwa siku zilibaki chache, na hali ikawa mbaya kuliko mwanzo.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Imerudia."

Nurdin aliipokea, akaiwasha, akaandika ukurasa mzima wa maneno ya ovyo. Hakuna kitu. Akakitikisa kioo, akakilaza, akakisimamisha. Hakuna kitu. Mwalimu akamsukuma kando, akakaa mwenyewe, akaandika "mvuke hupanda angani" mara nane, kwa nguvu, akiiombea mabaya. Kioo kikamwangalia tu, kimetulia kuliko maji ya mtungini.

"Mwalimu, kwa kweli hapa siioni shida," Nurdin alisema.

"Huioni? Nimetoka nayo nyumbani sasa hivi, imezima mara ishirini!"

"Sibishi, Mwalimu. Ila ishu kama hii lazima mie niione ikizima, ndio nijue inatokea wapi."

Mwalimu alijiona mjinga. Palikuwa na watu kama saba wanaosubiri simu zao na kopi zao, na wote walikuwa wanamtazama mzee anayelalamikia kompyuta nzima. Damu ikampanda. Na mtu akiona haya mbele za watu, mara nyingi anamtafuta wa kumtwisha.

"Kabla hujaigusa ilikuwa inazima mara mbili tatu kwa siku," alisema, sauti ile ya mstarini asubuhi. "Ulipoigusa wewe ndiyo balaa limeanza. Umenibadilishia kioo. Kioo changu kizima umempa mtu mwingine, mimi ukanipachikia kibovu."

Nurdin aliweka bisibisi chini.

"Mie, Mwalimu?"

"Wewe. Nani mwingine aliyeishika?"

Bi Somoe akatoka ndani akiwa na karatasi mkononi. Alikuwa mwanamke wa makamo, Mzaramo wa hapo hapo Mbagala, mtu wa kuchagua maneno. "Mwalimu, neno hilo zito. Una hakika nalo?"

"Ninayo," alisema Mwalimu. Hakuwa nayo, ila alikuwa ameshasema.

Bi Somoe akamgeukia Nurdin. "Mie hapa watu wanaacha simu zao na siri zao. Neno la wizi likishasemwa barazani kwangu, na mie linanibeba. Mpaka Ijumaa, Mwalimu awe ameridhika. Asiporidhika, mwanangu, meza uihamishe."

Mwalimu alisikia kila neno, na moyo ulimchoma kidogo, kwani alijua Nurdin ana watoto wawili na meza ile moja. Lakini hasira ndiyo iliyokuwa inatembea na miguu yake. Alipofika kwenye kona ya msikiti aliivaa bangili, akaingia nyumbani.

Jumatano aliamua kuitafuta sababu mwenyewe. Kwanza alishuku umeme. Aliichomoa ukutani akaitumia na betri, ikadumu dakika tisa, na ndani ya hizo tisa kioo kilizima mara nne. Akashuku joto. Akaiweka juu ya matofali mawili mbele ya feni, akaandika amesimama, mgongo unamlilia, na ikazima vile vile. Akashuku vumbi, akaazima pampu ya baiskeli kwa jirani akaipuliza kwenye vitufe mpaka zikatoka punje za mchele za enzi za Blessing. Akashuku sisimizi. Mwishowe alimpigia Blessing.

"Baba, umejaribu kuizima na kuiwasha?"

"Blessing, imejizima yenyewe mara mia. Hiyo haitoshi?"

Mchana aliamua kukaidi. Kioo kikizima, yeye anaendelea kuandika gizani. Miaka yote hii anachapa, vidole vinajua njia. Kiliporudi alikuta swali la ishirini na mbili limeandikwa kwa lugha isiyosemwa na kabila lolote. Aliinuka, akatoka uani, akasimama mbele ya pipa la maji bila kujua amefuata nini. Aliwaza kuandika kwa mkono, akakumbuka alivyomjibu Lusungu kwa majivuno, "Kompyuta ninayo, msiwe na wasiwasi." Mpaka jua linazama alikuwa na maswali ishirini na sita, na koo limemkauka kwa kutukana.

Alhamisi asubuhi, hodi ikapigwa. Alikuwa Nurdin, mikono mitupu, hata mfuko wa vifaa hakuja nao.

"Shikamoo Mwalimu. Nimekuja kuiona ikizima. Kwangu haizimi, hapa inazima. Naomba ukae uandike kama kila siku, mie nisimame nyuma yako tu."

Mwalimu alitaka kumfukuza. Lakini Demetria alikuwa ameshamkaribisha na kumwekea kiti, na isitoshe, yeye mwenyewe alikuwa na hamu kubwa ya kuona mtu mwingine akishuhudia mateso yake. Alikaa, akaandika. Haikupita dakika, kioo kikatetemeka, kikazima.

"Umeona!" alipiga kelele, karibu acheke. "Umeona sasa!"

"Nimeona. Andika tena."

Kikazima tena. Nurdin hakuigusa kompyuta wala hakukitazama kioo. Alikuwa anaitazama mikono.

"Toa mkono wa kulia, Mwalimu. Andika na wa kushoto peke yake."

Kikazima.

"Sasa wa kulia peke yake. Wa kushoto weka mapajani."

Mwalimu aliandika kwa kidole kimoja, akinung'unika. Mstari wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaisha. Wa tatu. Kioo hakikupepesa.

"Haya, rudisha wa kushoto. Polepole."

Mkono ulishuka, na ulipogusa kona ya chini ya kompyuta, giza. Mwalimu akaunyanyua, mwanga. Akaushusha, giza. Hakuna aliyemwambia aendelee, lakini alinyanyua na kushusha mara nne nyingine, na kila mara joto lilikuwa linampanda kutoka shingoni kwenda masikioni. Alikuwa ameshaelewa. Alikuwa ameelewa kabla Nurdin hajafungua mdomo, na alitamani asiufungue.

"Kwenye mfuniko kuna sumaku ndogo," Nurdin alisema taratibu. "Hapo chini ya mkono wako kuna kidude kinachoihisi. Ukifunga, kinajua umefunga, kinazima kioo. Sasa wewe ukiweka bangili hapo, kinadhani umefunga. Ila kwangu hukuja nayo."

"Nilikuja nayo," alisema Mwalimu. "Ilikuwa mfukoni."

Demetria alikuwa mlangoni na mwiko mkononi. "Si ulisema bati?" aliuliza, uso umemchanua. "Baba Blessing, si ulisema bati hiyo? Sumaku halali kabisa! Inazima kompyuta, presha ndiyo itaishinda?"

"Demetria, tafadhali."

Alivua bangili akaitupia juu ya kabati. Mambo mawili yalikuwa yanamkata ndani kwa wakati mmoja, kwamba amemwita mtu mwizi, na kwamba yeye, aliyewafundisha watoto wa Temeke sumaku kwa misumari na chenga za chuma, alivaa sumaku wiki tatu akakataa kuipima kwa sindano moja. Na tuseme kweli, la pili ndilo lililokuwa linamkata zaidi.

"Basi, Nurdin," alisema. "Nitampigia simu Somoe nimwambie kompyuta imepona."

"Imepona siyo neno, Mwalimu." Nurdin hakupandisha sauti. "Wewe ulisema nimeiba. Watu walikuwepo. Toka Jumanne nimepata mteja mmoja, na huyo alisimama juu ya kichwa changu mpaka namaliza, anahesabu nati za simu yake. Nikijisemea mie, hakuna wa kuniamini. Naomba uje useme wewe, pale pale."

"Nitakuja."

"Na bangili. Wasipoona hawataelewa."

Nurdin alipoondoka, Mwalimu alikaa akaandika maswali kumi na tisa yaliyobaki bila kioo kutetemeka hata kidogo. Ilikuwa kompyuta nzuri ajabu. Aliichukia.

Ijumaa saa tatu na nusu simu ililia. Lusungu. "Shikamoo Mwalimu. Nipo hapa Rangi Tatu kwa Bi Somoe natoa kopi za fomu. Niletee flashi hapa hapa, usihangaike kuja shuleni."

Kati ya mahali pote Mbagala, iwe kwa Bi Somoe! Mwalimu alikaa kitandani na soksi moja mguuni, akapanga. Atampa Lusungu flashi, atasubiri aondoke, kisha ataingia ndani azungumze na Somoe kwa faragha, watu wazima wawili. Alivaa bangili, akachukua mkoba wa kompyuta, akatoka. Alipofika kwenye kona ya msikiti, mkono wenyewe ulijiendea, bangili ikaingia mfukoni.

Barazani, meza ya Nurdin ilikuwa tupu. Vifaa vilikuwa ndani ya boksi, bisibisi zimefungwa kwa mpira, na Nurdin amekaa juu ya ndoo kando ya boksi. Alimwamkia Mwalimu, akatazama chini.

"Huyu hapa!" Lusungu alisema, akapokea flashi kwa mikono miwili. Alikuwa na walimu wawili vijana, akawageukia. "Huyu ndiye mzee wa Sayansi ninayewaambia. Hakuna asichokijua. Tungempata wapi mwingine?"

Mwalimu alicheka kidogo, akasubiri waondoke. Hawakuondoka. Mashine ya kopi ilikuwa inatafuna karatasi, na Lusungu alikuwa na fomu sitini. Wateja waliongezeka. Kisha Bi Somoe akatoka, akapangusa mikono kwenye khanga.

"Mwalimu, leo Ijumaa. Umeridhika?"

Kila mtu akageuka. Mwalimu aliona neno moja tu litatosha, meza ibaki na yeye aende zake.

"Nimeridhika," alisema.

"Alhamdulillahi. Kwa hiyo kioo chako alikurudishia?"

Kabla Mwalimu hajajibu, nyuma yake mwanamke mmoja alimnong'oneza mwenzake, "Kumbe kweli alikuwa nacho." Nurdin akanyanyua macho kutoka kwenye boksi. Hakuwa na hasira. Alikuwa anamtazama Mwalimu kama alivyoitazama mikono yake jana, akisubiri kuona kitakachotokea.

Mwalimu alitia mkono mfukoni, akaitoa bangili, akaivaa mbele yao wote. Akaiweka kompyuta juu ya meza tupu, akaiwasha.

"Sogeeni," alisema. "Bi Somoe, sogea. Lusungu, na wewe."

Alishusha mkono, kioo kikazima. Akaunyanyua, kikawaka. Akafanya hivyo mara tatu, kama enzi za darasani, ila sauti haikuwa ile ya darasani.

"Nurdin hakuniibia. Hakubadilisha kioo changu. Hii ni bangili ya sumaku, nimeivaa kwa ajili ya presha. Nyumbani naivaa, nikija huku naificha mfukoni, nilikuwa naona aibu kuonekana nayo. Ndiyo maana hapa haikuzima. Nimemwita mwizi mtu aliyekuwa ananiambia kweli."

Mtu mmoja akaangua kicheko, wakafuata wengine. Walimu vijana walijitahidi kujizuia, wakashindwa. Lusungu aliitazama flashi iliyo mkononi mwake, akaitazama bangili.

"Na maswali ya sumaku, Mwalimu, yamo humu?"

"Yamo," alisema Mwalimu. "Matatu."

Hapo hata Bi Somoe alicheka, khanga mdomoni. Lusungu akasema wataupitia mtihani kwanza, kikawaida tu, akatia flashi mfukoni. Hakurudia ile ya kwamba hakuna asichokijua. Mwalimu alisimama katikati ya kicheko kile, masikio yanawaka, mpaka kikaisha chenyewe na watu wakarudi kwenye kopi zao.

"Nurdin," Bi Somoe alisema, "panga vitu vyako. Mie nilikosea, na mbele ya hawa hawa nakwambia nilikosea."

Nurdin alifungua boksi, akaanza kuzipanga bisibisi mezani, kubwa upande huu, ndogo upande ule. Mwalimu alimsogelea.

"Nisamehe, Nurdin."

"Yameisha, Mwalimu."

Mwalimu alishusha pumzi. Alihisi mzigo umetua, na kwa furaha hiyo akaisukuma kompyuta mbele ya Nurdin. "Basi kaa nayo. Betri nayo haikai na chaji. Itazame kwa nafasi yako, nitaipitia hata wiki ijayo."

Nurdin alipangusa mikono kwa kitambaa. Akaifunga kompyuta taratibu, akairudisha upande wa Mwalimu.

"Hapana, Mwalimu. Hii mpelekee fundi mwingine."

"Lakini umesema yameisha."

"Yameisha. Kinyongo sina. Ila siku ikizima tena, utamtazama nani?"

Mwalimu aliichukua kompyuta yake, akampisha mteja aliyekuwa nyuma yake na simu mkononi.